Jasho la Usiku na Swali Lisiloulizwa

Mwezi wa pili mwaka huu mdogo wangu anayeishi Morogoro alinipigia simu alfajiri, sauti imekauka. "Dada, hii malaria inanirudia rudia. Mseto nimemaliza juzi, na usiku wa kuamkia leo nimelowesha tena shuka zima." Nikamuuliza kama alipima. "Kupima ya nini, Dada? Dalili si naziona mwenyewe?" Nikamuuliza la pili: "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Akanyamaza, kisha akacheka kwa aibu. Ana miaka 48. Tangu alipomaliza kliniki ya mtoto wake wa mwisho hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, na hata yeye hakuona lina uhusiano gani na shuka lililolowa.

Nilimwambia akapime kwanza, asinywe dozi nyingine kwa kubahatisha. Alikwenda. Malaria haikuonekana, kikohozi hana, uzito haujapungua. Hedhi ilikuwa imeanza kuruka miezi tangu mwaka uliotangulia. Tulipozungumza jioni nilijikuta namsimulia mambo ambayo sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumbani, na baada ya kukata simu nikaona ni heri niyaandike. Wanaoyapitia ni wengi, na kila mmoja anayapita akidhani yuko peke yake.

Yangu yalianza miaka kumi hivi iliyopita, nikifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari Dar es Salaam. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, darasa limejaa, madirisha wazi lakini hewa haitembei. Nikiwa ubaoni nikichora mishale ya pepo za msimu, nilihisi joto linaanzia kifuani. Likapanda shingoni, likafika usoni na masikioni, moyo ukaenda mbio, na jasho likatoka kwenye paji la uso na mgongoni kwa wakati mmoja. Chaki iliteleza vidoleni. Msichana wa dawati la mbele akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamjibu kwamba ni jua tu. Baada ya dakika chache lilikwisha, na pale pale nikaanza kusikia baridi, blauzi imenigandia mwilini.

Katika somo langu kuna jambo dogo ambalo kila mwanafunzi hulikariri: jasho huupoza mwili linapokauka, na katika hewa iliyojaa unyevu halikauki upesi. Ndiyo maana joto la pwani kipindi cha kaskazi huchosha kuliko joto kali la Dodoma, ambako hewa ni kavu. Kwa muda mrefu niliitumia elimu hiyo kujidanganya. Kila joto liliponijia nililaumu Dar es Salaam. Wenzangu nao walikuwa wanatoka jasho. Nani angenitofautisha nao?

Aliyeniondolea kisingizio hicho ni Njombe. Julai ya mwaka ule tulikwenda huko kwa shughuli ya mahari ya mpwa wangu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai watu hukaa ndani wamevaa makoti. Nililazwa chini ya mablanketi mazito. Usiku wa manane niliamka nimelowa kuanzia shingoni hadi kiunoni, nikayatupa mablanketi, na muda mfupi baadaye nikawa natetemeka nikiyatafuta gizani. Shemeji yangu, mwenyeji wa huko, aliniuliza asubuhi kama nimetoka Dar na malaria, maana kwao ni ugonjwa wa nadra. Nikajua jambo moja kwa hakika: joto hili halitokani na mji. Ninatembea nalo.

Maelezo yake niliyapata baadaye, na yalinipa nafuu hata kabla ya dawa. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili lisipande wala kushuka kupita kiasi. Kwa kawaida huvumilia mabadiliko madogo bila kufanya lolote. Ovari zinapopunguza homoni ya estrojeni, kundi fulani la seli za neva zilizoko humo huchangamka kupita kiasi na uvumilivu ule hupungua sana. Haipothalamasi inakuwa kama mlinzi wa zamu anayepiga king'ora hata paka akipita. Kikombe cha chai, hatua chache za ngazi, hasira kidogo, au blanketi lililokaa vibaya humtosha. Mishipa ya damu ya ngozi hupanuka, damu hukimbilia juu, jasho hutoka ili kufukuza joto ambalo kwa kweli halikuwapo la kutisha. Ndiyo maana ukiweka kipimajoto wakati ule, mara nyingi hukuti homa. Ndiyo maana pia baridi hufuata: mwili umejipoza bila sababu.

Lakini kabla ya kufika kwenye maelezo hayo nilipita kwenye madirisha mengi. Katika zahanati ya kwanza niliyokwenda, kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi. Tabibu alikitazama, akanitazama, akasema, "Wakati mwingine kinadanganya," akaniandikia mseto. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo kikiwa hasi itafutwe sababu nyingine. Kutafuta sababu nyingine ndiko kulikokosekana. Nilimeza dozi nzima, na jasho likaendelea.

Pahala pa pili palikuwa na mwanamke wa makamo aliyeniuliza maswali manne kwa mpangilio: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Nilimjibu ndiyo kwa moja tu, naye hakulidharau. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na jasho la usiku ni mojawapo ya dalili zake. Nilipigwa picha ya kifua, nikapimwa virusi vya UKIMWI, sukari, presha na tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto, mapigo ya moyo na mikono kutetemeka. Nilikaa siku kadhaa nikisubiri majibu, nikimficha mume wangu karatasi za vipimo ndani ya daftari la maandalio ya masomo.

Majibu yalikuwa safi. Namshukuru mama yule mpaka leo, kwa kuwa alifanya kazi yake sawasawa. Anayesoma haya asije akasema, "Ni umri tu," akakaa na kikohozi cha wiki mbili au nguo zinazompwaya. Katika nchi zetu jasho la usiku lina wenyewe wengi, na baadhi yao huua. Hata hivyo, katika maswali yote niliyoulizwa kwenye madirisha yale, lile la hedhi halikuwamo. Nilipokuwa na miaka 25 nisingeweza kupewa hata dawa ya kichwa bila kuulizwa tarehe yangu ya mwisho, kwa kuwa huenda nina mimba. Nilipofika 49, tarehe hiyo haikumhusu mtu tena. Na ndiyo ingeeleza kila kitu, maana kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na misukosuko huanza miaka kadhaa kabla, hedhi ikiwa bado inakuja na kuruka.

Nyumbani usiku ulikuwa na hesabu zake. Dar es Salaam hulali bila chandarua, na chandarua huzuia upepo. Umeme ukikatika, feni inanyamaza, na mwanamke mwenye joto la ndani hubaki amefungiwa na joto la nje. Nilijifunza kwa kujaribu. Gauni la kulalia la nailoni nililitoa, nikarudi kwenye kanga ya pamba, moja mwilini na nyingine imekunjwa kando ya mto ili nibadilishe bila kuwasha taa. Juu ya godoro la sponji, ambalo hutunza joto, nilitandika mkeka kisha shuka. Feni ya mezani niliisogeza mpaka karibu na neti. Chai ya moto ya usiku niliiacha, na pilipili nikaipunguza, baada ya kuandika kwenye daftari kila joto liliponijia na nilichokuwa nimekula au kufanya. Kwa mwenzangu mmoja pilipili haikuwa na neno, yeye alichokozwa na bia. Kila mtu na daftari lake.

Yote hayo hayakupunguza idadi ya majoto; hilo sitalificha. Yalinisaidia kurudi kulala upesi, na usingizi ulikuwa nusu ya tatizo. Mwalimu aliyeamka usiku kucha husahau majina ya wanafunzi, hukaripia kwa jambo dogo, na mwishowe huanza kuogopa kwamba akili inamtoka. Nilipopata usingizi wa saa kadhaa mfululizo, hofu hiyo iliondoka yenyewe.

Mume wangu alihamia chumba cha watoto ili nami nipate kitanda kizima. Wifi yangu alipokuja kututembelea aliona mito miwili katika vyumba viwili, na habari ikafika kijijini kabla yake: tumegombana. Mama mkwe akapiga simu kusuluhisha. Hapo ndipo nilipomkalisha mume wangu nikamweleza kwa majina yake kinachonipata, kwamba simchukii, simkimbii, na kwamba nikiitupa shuka usiku simfukuzi yeye. Alisikiliza, akauliza jambo moja la maana sana: "Sasa mimi nifanye nini?" Kumbe muda wote alikuwa akingoja apewe kazi. Akawa ndiye anayejaza maji ya kunywa na kuangalia kama taa ya kuchaji ina moto. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na nyumba yetu ilipata amani siku niliyoacha kuficha.

Kwa wanawake wenzangu ilikuwa vigumu zaidi. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akapewa somo wa kumfunda. Akiolewa hufundwa tena, na siku hizi kuna sherehe yenye ukumbi, sare na mpishi. Nilihudhuria mojawapo nikiwa katika kilele cha majoto yangu. Makungwi walimfundisha bibi harusi mambo ambayo hata mimi niliinamisha kichwa. Niliwatazama: wote walikuwa wamepita miaka 50. Wote walikuwa wamevuka mto niliokuwa katikati yake, na hakuna aliyewahi kuona kwamba na huku kuvuka kunahitaji somo. Nilipomvuta mmoja pembeni nikamuuliza yeye alifanyaje, alinijibu, "Mwanangu, tulivumilia." Nilimheshimu kwa jibu hilo, lakini sikutosheka nalo. Watu huvumilia kisichokuwa na njia, na yeye hakuwahi kuambiwa kama njia ipo.

Siku chache baadaye, ndani ya daladala iliyojaa, joto lilinipanda nikiwa nimesimama nimeshika bomba. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekaa karibu na dirisha, alinitazama usoni, akainuka, akanipa kiti chake. Akanyoosha mkono kwenye kikapu akatoa upepeo wa ukili. "Kaa, mdogo wangu. Hata mimi yalinianza hivi hivi." Njia nzima alinieleza: yake yalidumu miaka mingi, mwanzoni kila saa, baadaye mara moja moja. Akaniambia kuna daktari wa wanawake aliyemsikiliza. Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba kuna daktari wa jambo hili.

Daktari bingwa niliyekwenda kumwona alianza na lile swali. Alipopata jibu, alihesabu miezi, akanieleza kwamba ukomo wa hedhi huhesabiwa pale miezi 12 mfululizo inapopita bila hedhi, na kwamba mimi nilikuwa bado njiani. Nikamuuliza linaisha lini. Hakunidanganya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, matokeo yake yakatolewa 2015, ulionyesha kwamba kwa nusu ya wanawake waliokuwa na majoto ya mara kwa mara yalidumu zaidi ya miaka saba, na kwa wanawake weusi wa Marekani yalizidi miaka kumi. Kwa kipindi kirefu hivyo, ushauri wa kungoja tu yapite haumfai mtu anayeamka kila usiku.

Tiba yenye nguvu kuliko zote, aliniambia, ni kurudisha kiasi kidogo cha estrojeni, kwa kidonge au kwa kiraka kinachobandikwa kwenye ngozi. Mwenye mfuko wa uzazi hupewa pamoja na projesteroni au dawa ya jamii yake, kwa sababu estrojeni peke yake huweza kuleta saratani kwenye ukuta wa ndani wa mfuko huo. Nikamwambia nilichosikia, kwamba homoni huleta saratani ya matiti. Alinieleza hofu hiyo ilikotoka. Mwaka 2002 nchini Marekani utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 waliogawanywa kati ya homoni hizo mbili na kidonge kisicho na dawa ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa waliotumia homoni walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi ya wenzao. Kwa saratani ya matiti ziada ilikuwa wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Habari zilienea dunia nzima na wengi wakatupa dawa zao. Kilichochelewa kuenea ni kwamba wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, na wasio na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida hushinda hatari.

Vizuizi alivitaja kimoja kimoja: kuwahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda, ugonjwa mkali wa ini, au kutokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Sikuwa na hata kimoja, presha yangu ilikuwa sawa, nikaanza. Baada ya wiki chache nililala usiku mzima. Haikuwa safari rahisi, kwani kulikuwa na miezi nilizunguka maduka ya dawa ya Kariakoo nikiambiwa imekwisha, na bei haikuwa ya kila mwalimu. Mwenzangu wa ofisini, aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, hakuweza kutumia homoni. Yeye alipewa dawa mojawapo ya zile zinazotumika kwa sonona, kwa kipimo kidogo, na majoto yalipungua. Wengine hupewa gabapentini, inayojulikana zaidi kama dawa ya kifafa. Tangu 2023 huko Marekani ipo pia fezolinetanti, isiyo homoni, inayotuliza zile seli za neva zilizochangamka, ingawa anayeitumia lazima ini lake lifuatiliwe.

Njiani nilikutana pia na unga wa mizizi. Muuzaji aliniapia kwamba unarudisha ujana wote. Nilipomuuliza umetengenezwa na nini alisema ni siri ya babu. Kwa dawa za mimea ya majoto, hata zile zinazouzwa Ulaya kwenye chupa nzuri, ushahidi umekuwa dhaifu au wa kugongana. Nilimshukuru nikaendelea na safari, maana mtu asiyeweza kuniambia ninachomeza siwezi kumkabidhi ini langu.

Shuleni jambo lilimalizika kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Nilimwambia mkuu wa shule, mwanaume mdogo kwangu kwa umri, kwamba vipindi vya saa nane mchana katika darasa la bati vinaniumiza kwa sababu za kiafya za kike. Aliona haya kuliko mimi. Hakuuliza zaidi, wiki iliyofuata ratiba yangu ilikuwa ya asubuhi, na meza yangu ofisini ilikuwa imesogezwa dirishani. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na saa mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Ni haki iliyopiganiwa. Lakini mwanamke yule yule akifika 50, akiwa kazini na uzoefu wake wote, anachopata kinategemea hisani ya mkuu wake. Mimi nilibahatika.

Katika miaka hii nimekuja kuona kwamba tatizo letu kubwa halihitaji dawa mpya kulitatua. Mwanamke wa Tanzania anaijua kliniki tangu mimba ya kwanza: anapimwa uzito, presha, anapewa kadi, anarudi kwa tarehe. Mtoto wa mwisho akitimiza miaka mitano kadi inafungwa, na kuanzia hapo hukutana na mhudumu akiwa mgonjwa tu. Wakati huohuo, tuna huduma ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, inayowalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wale wanaokuja wakiwa na miaka 45 na kuendelea wamekwisha kaa kwenye benchi, muuguzi yupo, mashine ya presha ipo. Hapo ndipo pa kuulizia hedhi inakwendaje, usingizi ukoje, jasho la usiku lipo au halipo. Hapo ndipo pa kumwambia kwamba akikaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, aje siku hiyo hiyo, maana damu hiyo haina udogo. Hapo pia angeambiwa kwamba estrojeni ikipungua mifupa hupoteza uimara na moyo hupungukiwa kinga, kwa hiyo kutembea, kupunguza uzito na kufuatilia presha si mambo ya hiari.

Kuuliza huko kungechukua dakika tano kwa kila mwanamke, na muuguzi asingehitaji kifaa chochote ambacho hana mezani. Dozi za mseto zilizomezwa bure, picha za kifua zilizorudiwa, na usiku ambao wanawake waliupitisha wamekaa ukingoni mwa kitanda vinagharimu zaidi ya hapo.